Tuwasindikize wafinalisti kwa taa, si kwa bahasha



Kila mwaka, siku matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi hapa Lubumbashi hubadilika sura kwa saa chache. Simu zinalia, mama zetu wanapiga vigelegele, na waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe toka kichwani hata mabegani, kisha wanazungushwa mtaani kama maarusi. Nasi hufurahi pamoja nao. Mzazi aliyelipa minerval mwaka kwa mwaka kwa kuuza makala au unga ana haki ya kucheza mbele ya mlango wake. Lakini tukiisha kufurahi, kuna swali moja lisilopendeza siku ya shangwe ambalo tumejifunza kujiuliza: mwaka mmoja baada ya poda hiyo kuoshwa, kijana huyu atakuwa wapi?

Sisi tunaowaandikia ni makatekista, na wengi wetu tulisomea ualimu. Tumeshika chaki na katekisimu kwa mikono ileile. Tumewaona wafinalisti wengi wakipita katika vikundi vyetu, katika kwaya, katika Jumuiya hai. Na maoni yetu ni haya, tunayasema bila kujificha: sisi wa parokia tunaanza kuwasindikiza vijana hawa tukiwa tumechelewa, tunawasindikiza kwa njia isiyofaa, na tunawaacha mapema mno. Makosa hayo matatu si ya serikali wala ya shule. Ni ya kwetu, na kwa sababu ni ya kwetu tunaweza kuyarekebisha.

Tuanze na lile linalotuumiza zaidi.

Kosa la bahasha

Miaka kadhaa iliyopita wafinalisti wetu walikuja kutuomba msaada. Walisema kila mmoja ametakiwa kuleta kiasi fulani cha pesa "kwa ajili ya kuwapokea wageni watakaosimamia mtihani". Hatutataja shule wala mtu, maana hatukusudii kumshitaki yeyote, tunajishitaki wenyewe. Tulipitisha kikapu katika Jumuiya. Wajane walitoa. Tulikabidhi bahasha, na hatukuuliza ni ya nini hasa. Tulijua, au tulipaswa kujua. Wale vijana walifaulu karibu wote, nasi tulitoa shukrani kanisani kwa sauti kubwa.

Kati yao alikuwamo kijana mmoja wa kwaya, mpole, mwenye kusali, aliyetoka seksioni ya biolojia na kemia. Alijiandikisha katika utabibu. Mwaka wa kwanza kemia ilimwangusha. Akarudia, ikamwangusha tena. Baba yake alikuwa ameuza kiwanja ili kulipa miaka hiyo miwili. Kijana akaondoka, akaenda kuchimba madini upande wa Kolwezi. Siku aliporudi kumzika bibi yake tulikaa naye chini ya mwembe, naye akatuambia kwa heshima, bila hasira: "Papa katekista, ninyi mlinilipia diploma. Lakini hakuna mtu aliyenifundisha kemia."

Tumetafuta jibu la kumpa hata leo. Hatujalipata.

Wengine watatuambia: "Wakubwa, ninyi mnaota. Kila mahali watu wanalipa, na asiyelipa ndiye anayeanguka." Tunakubali kwamba maneno hayo yanatoka katika maumivu ya kweli. Mwalimu asiyepata mshahara wa kutosha anajaribiwa, na msimamizi aliyesafirishwa mbali bila posho anajaribiwa pia. Hatuwezi kumwahidi kijana yeyote kwamba uaminifu wake hautamgharimu kitu. Lakini tunaweza kumwonyesha hesabu. Bahasha inaweza kununua siku nne za mtihani. Haiwezi kununua miaka mitatu ya chuo kikuu, wala siku ile ambapo mgonjwa atalala mbele ya tabibu asiyejua kipimo cha dawa, wala siku ambapo watu watavuka daraja lililochorwa na mtu asiyejua hesabu.

Tena tutofautishe mambo, ili mtu asichanganyikiwe. Kuna ada ya kushiriki mtihani, ambayo imewekwa na mamlaka, inajulikana na watu wote, nayo hulipwa kwa risiti. Hiyo ni haki, na kijana asiyeiweza tunapaswa kumchangia. Lakini malipo yasiyo na risiti, yanayoombwa kwa sauti ya chini na yasiyo na mtu wa kuyakubali mbele ya wengine, yana jina lake. Kuanzia sasa parokia ishike kanuni hii rahisi: pasipo na risiti, kikapu chetu hakipiti.

Mtihani wenyewe si fumbo

Sababu moja inayowafanya vijana wakimbilie bahasha ni hofu, na hofu hukua mahali pasipo na maarifa. Wengi wanauogopa Mtihani wa Serikali kama mzimu wa porini. Basi tuutazame mchana.

Mtihani huu ulianza mwaka 1967, nao ni mmoja kwa nchi nzima: mwana wa Kasenga na mwana wa Kinshasa wanapimwa kwa kipimo kimoja. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni ile inayotangulia kikao cha kawaida: humo mna insha ya Kifaransa, yaani disertasio, mna Kifaransa cha kusema, na kwa seksioni za ufundi mna kazi ya vitendo. Ya pili ni kikao chenyewe cha siku nne: siku ya elimu ya jumla, siku ya hesabu na sayansi, siku ya lugha, na siku ya masomo ya seksioni. Katika kikao hicho maswali ni ya kuchagua jibu, yale tunayoyaita itemu. Anayefika asilimia 50 anapata Diploma ya Serikali.

Mambo haya yanatufundisha nini? Kwanza, disertasio haijifunzwi kwa usiku mmoja. Kuandika utangulizi unaoweka swali, kisha hoja zinazofuatana, kisha hitimisho linalojibu swali lile lile, ni ufundi wa mkono kama ufundi wa seremala. Kijana anayeandika insha moja kila juma mbili tangu mwezi wa kumi atakuwa ameandika zaidi ya kumi kabla ya siku yake. Anayengoja mwezi wa nne anakwenda kuandika ya kwanza mbele ya msahihishaji.

Pili, itemu za miaka iliyopita zinapatikana; zinauzwa hata pembeni mwa njia. Lakini zinatumiwa vibaya. Tumewaona vijana wakikariri herufi: swali la tatu ni "b", la nne ni "d". Hayo ni kazi ya kasuku. Itemu inafaa pale kijana anapoweza kueleza kwa nini jibu moja ni la kweli, na kwa nini kila jibu jingine ni la uongo. Fanyeni hivyo wawili wawili, mmoja akiuliza na mwingine akitetea. Itemu kumi zilizotetewa namna hiyo zina faida kuliko mia zilizokaririwa.

Tatu, kuna suala la lugha, na hapa tunasema kama walimu. Mwana wetu anafikiri kwa Kiswahili, anacheza kwa Kiswahili, anasali kwa Kiswahili, kisha anahojiwa kwa Kifaransa. Mara nyingi anaanguka ingawa jambo lenyewe analijua, kwa kuwa swali lenyewe halikumfikia. Walimu wengine wanamwadhibu anayesema Kiswahili darasani, wakidhani ndivyo Kifaransa kitakavyoingia. Sisi tunaona vinginevyo. Mwache kijana aeleze kwanza kwa Kiswahili kwa nini chuma kinashika kutu, au kwa nini bei hupanda mavuno yanapopungua. Akiisha kuelewa kabisa, aseme tena kwa Kifaransa, halafu aandike. Aliyeelewa kwa lugha ya mama yake hupata maneno ya lugha ya pili haraka; aliyekariri lugha ya pili bila kuelewa, akisahau neno moja amesahau yote.

Tunachelewa

Safari ya chuo kikuu haianzi katika mwaka wa mwisho wa humanité. Inaanza mwisho wa darasa la nane la elimu ya msingi, mtoto anapofanya mtihani wa TENASOSP na kuelekezwa kwenye seksioni. Wakati huo ana miaka kumi na minne hivi, na mara nyingi hakuna mtu mzima anayeketi naye. Anachagua seksioni kwa sababu rafiki yake yuko huko, au kwa sababu shule iko karibu, au kwa sababu kaka alisema hesabu ni ngumu. Msichana mwenye akili ya fizikia anaambiwa kwamba kwa msichana yatosha kushona. Hatudharau ushonaji: ni kazi ya heshima, na umelisha nyumba nyingi. Tunadharau tu uamuzi unaofanywa bila kumtazama mtoto mwenyewe.

Miaka minne baadaye kijana wa seksioni ya biashara anakuja kutuambia anataka utabibu. Hakuna sheria ya Mungu inayomzuia. Lakini kemia na biolojia ambazo wenzake wamezisoma kwa miaka minne, yeye atazikuta mbele kama ukuta. Kama tungeketi naye katika darasa la nane kwa nusu saa moja tu, tukamuuliza anachopenda na kumwonyesha njia inakoelekea, ukuta huo usingekuwapo.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi wanafunzi wa chuo kikuu mnaotoka katika vikundi vyetu: kabla ya mwisho wa mwaka wa masomo, jioni moja tu, ketini na wadogo zenu wa darasa la nane. Msiwahubirie. Waelezeni seksioni mliyosoma, ilikowafikisha, na mnachojutia. Watawasikiliza ninyi kuliko sisi wazee.

Tunawaacha mapema mno

Poda ikiisha kuoshwa, parokia husema: kazi imekwisha. Lakini majuma machache kati ya matokeo na mwanzo wa mwaka wa chuo ndiyo majuma ambamo vijana wengi hupotea, hata wale waliofaulu kwa haki.

Kuna dosie. Kwa kawaida chuo huomba uthibitisho wa kufaulu, buletini za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, na picha. Kila karatasi ina ofisi yake, foleni yake na bei yake. Tumeona kijana akikosa mwaka mzima kwa sababu jina, postinomu na jina la ubatizo vimeandikwa kwa namna tatu tofauti katika karatasi tatu. Jambo hili hurekebishwa kwa urahisi mwanzoni mwa mwaka wa mwisho, shule inapoandika orodha ya watahiniwa. Baada ya diploma kuchapwa, hurekebishwa kwa machozi. Basi kila mfinalisti aisome orodha hiyo kwa macho yake mwenyewe, herufi kwa herufi.

Kuna pia mtihani wa kuingia. Vitivo kadhaa, hasa utabibu na politekniki, havitosheki na diploma. Huko mambo ni tofauti na Mtihani wa Serikali. Katika Mtihani wa Serikali unashindana na kipimo: ukifika asilimia 50 umepita, hata jirani yako akipata 80. Katika mtihani wa kuingia unashindana na jirani yako, kwa maana viti vimehesabiwa. Kijana anayekwenda huko akiwa bado analala juu ya sifa za poda atarudi bila kiti. Yampasa arudie hesabu, fizikia na kemia katika majuma yaleyale ambayo wenzake wanatembea kupokea pongezi.

Na ajue anakoingia. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vinafuata mfumo wa LMD: lisansi ya miaka mitatu, kisha masta ya miaka miwili, kisha udaktari. Mzazi aliyezoea graduat ya zamani huhesabu miaka na gharama kwa hesabu isiyokuwapo tena. Mtu amweleze mapema, ili asiuze kiwanja kwa hesabu ya uongo.

Aliyepata asilimia 52 asidhani mlango umefungwa. Kando ya chuo kikuu ziko taasisi za juu za ualimu, za ufundi wa tiba, za ufundi wa kiwanda. Wengine wetu tulipita ISP, na hatujaona aibu hata siku moja. Nchi hii ilipopata uhuru mwaka 1960, chuo kikuu cha Lubumbashi kilikuwa na miaka minne tu tangu kufunguliwa, na Wakongomani wenye shahada za chuo kikuu walihesabika kwa urahisi. Kiti cha shule ya juu, popote kilipo, ni kitu ambacho babu zetu walinyimwa. Kikaliwe kwa heshima.

Na yule aliyeanguka? Kuhusu yeye tunaona aibu kubwa kuliko zote. Siku ya matokeo tunacheza na waliofaulu, naye anajifungia ndani. Jumapili haonekani katika kwaya. Baada ya miezi miwili tunasema amepoa katika imani, kumbe sisi ndio tuliompitia mlangoni tukipiga ngoma. Tunaomba kila kikundi kiweke desturi hii: siku ileile ya matokeo, kabla ya poda, watu wawili waende nyumbani kwa kila aliyeanguka. Waketi naye, wale naye bukari kama kawaida, na kumkumbusha kwamba anaweza kufanya mtihani tena mwaka unaofuata, hata kama mtahiniwa wa nje aliyejisomea mwenyewe. Kisha wamwandike jina katika daftari la masomo ya jioni.

Tufanye nini?

Hatuombi mambo makubwa. Kila parokia ina chumba ambacho jioni za juma la kazi hulala tupu. Kifunguliwe jioni tatu kila juma, kuanzia mwezi wa kumi. Kwa kuwa umeme hukatika bila kuaga, pesa tulizokuwa tukizitia katika bahasha zinunue taa za jua na betri. Wanafunzi wa chuo kikuu wawe viongozi wa masomo, mmoja kwa somo moja. Simu ziwekwe kikapuni mlangoni. Masomo yaishe mapema, na wasichana wasindikizwe hata nyumbani, ili mzazi yeyote asipate sababu ya kumzuia binti yake. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi, ufanyike mtihani wa kujipima, wenye saa na ukimya kama siku yenyewe. Na mara matokeo yatokapo, meza moja iwekwe mbele ya ofisi ya paroko, pakae watu wawili wanaojua kupanga dosie.

Misa ya kuwaombea wafinalisti ibaki; tunaipenda. Lakini mtu anayembariki mkulima bila kumwazima jembe hajamaliza upendo wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na safari hii anayetakiwa kuinama kwanza ni sisi.

Kijana yule wa kemia bado yuko Kolwezi. Mwaka jana alituma ujumbe kuuliza kama ni kweli kwamba chumba cha parokia sasa kina taa. Tukamjibu kwamba ni kweli, jioni mbili kwa juma, bado hatujafika tatu. Akatuma pesa kidogo kwa ajili ya betri, pamoja na maneno machache: "Mnipe risiti."

Tumempa.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliyeanguka mwaka uliopita, na nani kati yetu alikwenda kumwona?

2. Je, tumewahi kutoa au kuchangia pesa bila kuuliza ni za nini? Tutafanya nini zikiombwa tena?

3. Kila mmoja wetu anaweza kufundisha somo gani, na jioni ipi?